Chumvi Kando ya Moto wa Wanaume

Andika kama ninavyosema, wala usiongeze maneno ya shuleni. Babu yako hakurogwa. Aliugua moyo, na miaka ile kabla ya uhuru, katika kijiji chetu cha upande wa Misungwi, walikuwa wachache waliokubali kwamba moyo wa mtu anayelima pamba na kuchunga ng'ombe unaweza kuchoka ungali unadunda.

Ugonjwa ulianza na pumzi. Mtu aliyezoea kubeba gunia la pamba hadi ghalani bila kulitua alianza kusimama katikati ya njia, akijifanya anatazama mawingu. Kisha miguu ikavimba. Jioni ukiibonyeza kwa kidole gumba, shimo lilibaki pale kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, mgongo umeegemea gunia la pamba tuliyokuwa hatujaiuza, na akiteleza chini alishtuka akitafuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Ndugu zake walimleta mganga, naye akamchanja chale na kumtaja jirani. Miguu iliendelea kuvimba, na jirani akaacha kutusalimu.

Nilipoona tumbo nalo linajaa, nilisema tunakwenda mjini. Tulipanda lori la pamba, tukafikia kwa wifi yangu, mtaa wa Igogo, na asubuhi tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mgeni. Msaidizi wake alitutafsiria. Daktari alitazama mishipa ya shingo, akabonyeza miguu, akasikiliza kifua mbele na nyuma kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: mgonjwa analalaje? Nikamweleza habari ya gunia. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa akilingojea.

"Moyo wake umepanuka na umechoka," msaidizi akatueleza. "Hausukumi damu inavyopasa, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu."

"Moyo utapona lini?" nikauliza.

"Hautapona, mama. Utatunzwa."

Neno hilo lilinikasirisha, maana sikusafiri juu ya lori kutafuta matunzo. Walimlaza, wakampiga sindano za kutoa maji, akakojoa hadi akaona haya, kisha akapata usingizi. Tulipotoka tulipewa vidonge vya kuupa moyo nguvu, kimoja kila asubuhi na si zaidi, kwa sababu vikizidi ni sumu. Tukaambiwa arudi kila mwezi, asibebe mizigo, na asile chumvi.

"Wala magadi," msaidizi akaongeza. "Nawajua Wasukuma. Mtaacha chumvi, halafu mtajaza magadi kwenye mlenda."

Vidonge havikunisumbua. Chumvi ndiyo iliyonitesa, na ninyi mnaokula kila mtu na sahani yake hamwezi kujua kwa nini. Kwetu mwanamume hakula ndani. Jioni wanaume wa kaya za jirani walikutana shikome, yaani penye moto wao wa nje. Kila mke alipeleka ugali na mboga, nao wakala pamoja kutoka vyombo vyote. Pale ndipo mashauri yalipokatwa na mipaka ya mashamba ilipoamuliwa. Aliyekula peke yake nyumbani alihesabiwa mchoyo, au mtu mwenye jambo la kuficha, na neno lake halikusikilizwa tena.

Nilimpikia ndani, bila chumvi. Siku za kwanza alikula ameuelekeza uso ukutani. Kisha rafiki yake mmoja akapita mlangoni na kupaza sauti: "Mwenzetu, huko mjini walikutibu moyo au walikufungisha ndoa upya? Siku hizi hubanduki jikoni kwa mkeo!"

Waliokuwa njiani wakacheka. Jioni ile mume wangu alichukua kigoda chake.

"Utakufa," nikamwambia.

"Nitakufa nikiwa mtu," akajibu, akaenda shikome.

Kabla ya mwezi kwisha, shimo la kidole lilikuwa limerudi.

Nikawakabili wanawake kisimani. Niliwaambia waziwazi kwamba mboga zote za shikome zipikwe bila chumvi wala magadi. Wakanitazama kana kwamba nimewaomba ng'ombe.

"Mumeo ndiye mgonjwa," akasema mke wa yule rafiki. "Sasa waume zetu wale majani kama mbuzi?"

"Mbuzi umemwona wapi amevimba miguu?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. "Wangu akinitupia bakuli, nitamleta kwako umpikie."

"Mlete. Atashiba."

Hata hivyo nilijua kwamba jambo la shikome haliamuliwi kisimani. Nikaenda kwa kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa moto ule, na ndiye aliyemleta mganga. Nilipiga magoti mbali kidogo, inavyopasa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nimesikia unataka kutulisha chakula cha wagonjwa."

"Nataka mdogo wako aishi akiwa kati yenu. Nikimfungia ndani, mtamsahau angali hai. Nikimwachia aje, mtamzika. Mimi nimeshindwa kuchagua. Chagua wewe."

Kisha akainuka, akaja hadi kwetu, akachuchumaa mbele ya mdogo wake na kumbonyeza mguu kwa kidole chake mwenyewe. Akatazama shimo likichelewa kujaa. Habari ya mganga hakuitaja. Jioni ile alitoa amri: mboga zipikwe bila chumvi, na chumvi iwekwe kwenye gae la chungu kando ya moto, anayeitaka achovye tonge lake.

Walinung'unika. Yule rafiki alihamia moto mwingine, akarudi mvua zilipoanza. Mlenda bila magadi haulainiki, nami sikumdanganya mtu kwamba ni mtamu. Mume wangu alirudishwa hospitali, akatolewa maji tena, na tangu hapo kila asubuhi alimeza kidonge nami nikambonyeza mguu. Nikiona kidole kinazama, hatukungoja mwezi; tulitafuta lori. Hakulima tena, lakini alikata mashauri, na alisikilizwa.

Uhuru ulipokuja alikuwapo. Ng'ombe alichinjwa, wageni wakaja, wengine wakivuka ziwa kutoka Busisi. Kabla nyama haijatiwa chumvi, kaka yake alikata sehemu, akaichoma kando na kumpa mkononi mbele ya watu wote. Hakuna aliyefanya mzaha.

Moyo ulimshinda miaka michache baadaye, wakati wa kuchuma pamba. Msaidizi yule alikuwa amesema kweli: ulitunzwa, haukupona. Wiki za mwisho hakuweza kutembea hata hadi shikome. Sikumwomba mtu lolote. Wanaume wenyewe walibeba makaa, wakawasha moto wao karibu na ukuta wetu, nasi tukauacha mlango wazi. Jioni moja walibishana juu ya mpaka wa shamba, wakamgeukia.

"Mpaka unapita kwenye safu ya minyaa," alisema, kisha akaishiwa pumzi.

Wote, hata yule rafiki, walimngojea avute hewa na amalize shauri lake.