Mashine ya Kuni na Shangazi wa Mlangoni

Wateja walimwita Redio, na mumewe wakamwita Mzee Ehe, na ukishafika kwenye kiwanja chao cha kuni hukuhitaji kuuliza kwa nini. Mume alichanja, mke alipanga, na tangu lango lifunguliwe asubuhi mpaka lifungwe, mke alikuwa akizungumza. Wasiomjua walidhani anabwabwaja tu, kumbe alikuwa na utaratibu wake. Shoka likipanda, anasema. Shoka likishuka, ananyamaza. Gogo linapasuka, mume anasema "Ehe," na hadithi inaendelea pale pale ilipoishia. Mgeni akimsikia mara ya kwanza humwonea huruma akidhani ana kigugumizi. Akikaa kidogo, hujikuta naye anabana pumzi shoka likishuka.

Si kazi ya lelemama, kazi ya kuni. Gogo bichi lina uzito wa dhambi, magome yana siafu, na mwoka mikate wa mtaa wa pili, mteja wao mkubwa, alitaka vipande vyembamba vinavyolingana, la sivyo anavirudisha huku amenuna. Lakini Redio aliamka kila siku akiitamani kazi hiyo. Nyumbani watu wanaingia na kutoka, simu inalia, sufuria inaita. Pale kiwanjani mume alikuwa wake peke yake. Hapo ndipo walipoamua majina ya watoto, hapo ndipo walipowasengenya majirani, na hapo ndipo alipomwambia, katikati ya rundo la matawi, kwamba ana mimba ya binti yao. Hata siku hiyo mume alijibu "Ehe," ila gogo lile alilikosa, akakita shoka ardhini.

Kisha bega la mume likagoma. Mwanzo alilificha, akawa anachanja kwa upande mmoja kama kaa, mpaka asubuhi moja akashindwa kuvaa shati. Daktari alilibonyeza mara moja tu, Mzee Ehe akaruka, daktari akasema habari ya shoka iishe. Mzee alitoka nje akakaa kwenye ngazi za hospitali, uso umemshuka.

"Umeambiwa uache shoka, hujaambiwa uache kupumua," Redio alimwambia. "Simama twende."

Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi wake. Kama shoka limekwisha, na yale mazungumzo je?

Sasa, binti yao alikuwa fundi umeme, na mume wa binti alikuwa fundi wa pikipiki. Walioana kwa mapenzi, namshukuru Mungu, maana kwa hoja wasingeoana kamwe. Jumapili hiyo wakaja kiwanjani na dawa moja ya bega la mzee: mashine ya kupasulia magogo. Unalaza gogo juu yake, chuma kinalisukuma kwenye kabari, gogo linafunguka lenyewe bila mtu kuinua shoka. Hapo walikubaliana. Ugomvi ulikuwa mashine ipi.

"Ya petroli, Baba," alisema mkwe. "Nguvu zake si mchezo. Gogo lenye vifundo, lile linalong'ang'ania shoka mpaka unalitukana, ile inalipasua kama mkate. Na unaiburuta popote, huhitaji waya."

"Mikelele," alisema binti. "Na moshi. Na kamba ya kuwashia, tena uvute kwa nguvu. Hivi mgonjwa wa bega unampa kamba ya kuvuta? Ya umeme anabonyeza tu, basi. Na magogo yao ni ya wastani, inayatosha na kubaki."

"Umeme ukikatika je?"

"Petroli ikiisha je?"

"Nitanunua nyingine."

"Na umeme utarudi wenyewe, hata huununui kwenye kidumu."

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Redio alijimiminia chai akakaa juu ya kisiki, akiwatazama kama yuko kwenye mpira. Mzee Ehe alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, na kila upande akaupa "Ehe" yake moja. Mwisho mkwe, ambaye si mtu wa kushindwa kwa maneno, akasema ana rafiki atakayemwazima ya petroli, waijaribu, macho yajionee.

Siku mashine ilipoletwa, mkwe aliinama kuijaza mafuta, na Redio, kama kawaida yake, hakuweza kukaa kimya mbele ya mtu anayefanya kazi. Akaanza kisa cha shangazi yake. Shangazi huyo aligombana na dadake kwa ajili ya sufuria moja, akala kiapo kwamba hatakanyaga tena kwenye nyumba ile. Miaka ikapita. Siku ya harusi ya binti wa yule dada, watu wamejaa, wimbo umekolea, mara mlangoni katokea shangazi, amejitwika godoro jipya kichwani. Wimbo ukakatika. Bibi harusi akatoa macho. Mama wa bibi harusi akainuka polepole kwenye kiti chake, na...

Mkwe akavuta kamba.

Jamani, ile mashine ilikuwa na sauti! Ndege waliokuwa kwenye paa la banda walihama wote kwa pamoja. Lakini nguvu inayo, tusiisingizie. Magogo yaliyokuwa yamemshinda mzee tangu mwaka uliopita yalifunguka moja baada ya jingine, na mkwe alikuwa anacheka kwa furaha bila kusikika. Kisha Mzee Ehe akashika usukani mwenyewe, na uso wake ukachanua kama wa mvulana aliyepewa baiskeli. Redio alimwonea furaha kwa dhati. Alipanga vipande huku anacheka.

Halafu akaona kitu. Gogo lilipopasuka, midomo ya mume wake ilicheza: ehe. Gogo jingine: ehe. Na Redio mwenyewe hakuwa amesema neno. Hata angesema, nani angemsikia?

Redio alisimama na kuni mkononi. Kumbe ndivyo ilivyo, alijiambia. Kumbe miaka yote hii alikuwa analiitikia gogo. Mimi nakausha koo, namwaga mambo yangu yote, kumbe mwenzangu anazungumza na mti. Ilimuuma, tena ilimuuma sana, na jambo lenyewe ni la kijinga kiasi kwamba huwezi kumwambia mtu. Utasemaje? Mashine inayomwokoa mume wako bega usiipende kwa sababu hupati nafasi ya kupiga soga?

Usiku ule mezani walikuwa bado wanapiga kelele kama wako ng'ambo mbili za mto. "Nipe chumvi!" "Nini?" "CHUMVI!" Walipogundua wanafokeana bure walicheka mpaka machozi, lakini baada ya kicheko Redio akanyamaza, na kunyamaza kwa Redio ni jambo la kutangazwa.

"Mashine nzuri," alisema hatimaye, akiyatazama mabaki kwenye sahani yake.

"Nzuri," alisema mume.

Kwa hiyo familia ilipokutana tena kukata shauri, Redio alikwisha kujipiga moyo konde. Atasema ya petroli. Bega la mume ni bora kuliko shangazi wote duniani. Akafungua mdomo aseme, Mzee Ehe akamtangulia.

"Ya umeme," alisema.

Binti alipiga kigelegele. Mkwe alishika kichwa.

"Lakini Baba, si uliona mwenyewe ile nguvu?"

"Niliiona."

"Na yale magogo ya vifundo utayapasua na nini?"

"Yale ya vifundo tutayauza mazima. Watu wanayafanya viti."

"Umeme ukikatika?"

"Tutakaa tuungoje."

"Baba, nipe sababu moja tu nikalale nayo."

Mzee alijikuna kidevu. "Moshi," alisema. "Mikate itanuka petroli." Mkwe akamtazama Redio, Redio akamtazama binti, na wote wakajua hiyo siyo sababu, maana kuni zinakaa juani wiki nzima kabla ya kufika kwa mwoka mikate. Lakini mzee akishakata shauri, hata umpigie magoti.

Binti alikuja na mkoba wake wa vifaa, akavuta waya mnene mfupi kutoka kwenye boksi la umeme mpaka kiwanjani, akawaonya wasije wakaunganisha na waya mwembamba wa pasi, kwani mashine itakosa nguvu na waya utachemka. Akamwonyesha baba yake namna ya kuiendesha: mkono huu kwenye kitufe, mkono huu kwenye mpini, yote miwili kwa pamoja, ili kusiwe na kidole kinachozurura karibu na kabari. Kisha akaondoka, akimwimbia mumewe wimbo wa ushindi alioutunga njiani.

Wakabaki wawili. Redio alilaza gogo kwenye mashine, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama penye kuni zake. Alikuwa hajui aseme nini. Kipya kinyemi, lakini yeye alijiona kama mgeni kwenye kiwanja chake mwenyewe.

Mume akabonyeza. Mashine ikavuma kidogo, kama jokofu la jirani. Chuma kikasukuma, gogo likalia kwa ndani, likafunguka pande mbili, na harufu mbichi ya mti ikawafikia. Halafu akaachia vyote viwili, chuma kikarudi nyuma taratibu, na kukawa kimya.

Mzee Ehe hakusema ehe.

"Sasa?" alisema badala yake.

"Sasa nini?"

"Shangazi yako."

"Shangazi yangu yupi?"

"Mwanamke wewe!" Redio hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivi kwa mkupuo mmoja. "Umeniacha na mtu mlangoni, godoro kichwani, wimbo umekatika, mama wa bibi harusi ameshainuka, na huyu mkwe wako akavuta ile kamba yake. Wiki nzima nalala naye mlangoni, naamka naye mlangoni. Nikawa nasema ehe, ehe, labda utaendelea, nawe umenyamaza tu! Aliingia, au alirudi na godoro lake?"

Redio alikaa juu ya kisiki. Alicheka, halafu akajifuta macho kwa upindo wa khanga, halafu akacheka tena.

"Kumbe ndiyo mikate inayonuka petroli?"

"Aliingia au hakuingia?"

"Weka mikono yako kwenye mashine kwanza. Hadithi za bure hakuna hapa."

Akasimama, akalaza gogo jingine, akarudi mahali pake. Mashine ikavuma, na akagundua kwamba haina haja ya kungojwa. Angeweza kusema inaposukuma na kusema inaporudi. Lakini alingoja vilevile, kwa mazoea.

"Aliingia," alisema, gogo lilipofunguka. "Ila godoro lilikataa. Mlango mwembamba, godoro nene. Shangazi anasukuma kutoka nje, limekwama. Watu wote kimya, hakuna anayethubutu kumsaidia. Basi yule dadake akavua viatu, akalishika kwa ndani, akavuta. Huyu anasukuma, yule anavuta, na hawajasemeshana miaka yote. Lilipochomoka wakaangukiana sakafuni, godoro juu yao, na chini ya godoro watu wakasikia kicheko."

Chuma kilikuwa kimesharudi nyuma zamani. Mume wake alikuwa amesimama tu, mikono yake imesahau kazi.

"Ehe," alisema.