Jumatatu Sufuria Iliponyamaza

Wifi yangu Landy Poot, dada wa mume wangu, alikuwa haogopi kitu, na hilo ndilo lililokuwa likinitia hofu. Kazaliwa mjini kwetu hapa Mérida, kaolewa Mérida, kaachwa Mérida, na miaka yote hiyo akigombana na maji ya bomba kama mke mwenza. Maji yetu yanatoka kwenye mwamba wa chokaa. Yakichemka tu, yanaacha ukoko mweupe. Pasi yake ya mvuke ilikuwa ikitema vipande vyeupe juu ya magauni ya watu aliyoyashona. Mashine ya kufulia nayo ilipoungua kwa ukoko huohuo, aliitandika kitambaa akaiwekea cherehani juu yake.

"Landy, hayo madude yako yaonjeshe siki hata mara moja," nilikuwa nikimwambia.

"Wifi nawe! Siki ni ya vitunguu. Ukoko umemuua nani?"

Kila Jumatatu, kama nyumba zote za mtaa wetu, alipika maharage meusi kwa nyama ya nguruwe. Maji ya kununua alimwekea mama yake, Mama Nelsy, mama mkwe wangu, ayanywe. Maharage yalipikwa kwa maji ya bomba, na Landy aliapa kwamba bila maji hayo hayana ladha. Sasa maharage ndani ya maji magumu hayalainiki upesi. Sufuria ya presha ilikaa motoni ikipiga mluzi hadi unachoka kuisikia. Na Mama Nelsy, ambaye miguu ilishamkataa, alishinda humohumo jikoni kwenye machela yake ya nyuzi, kitanda cha kuning'inia, kulabu moja ukutani kando ya jiko, nyingine kando ya mlango wa uani, kwa sababu upepo unapita hapo tu.

Jumatatu ile nilikwenda na bakuli langu kama kawaida. Kufika mlangoni, nikasimama. Moto unawaka, sufuria iko juu yake, lakini kimya. Kile kizito cha juu ya mfuniko, ambacho siku zote hucheza na kupiga mluzi, kimetulia tuli. Tundu la mvuke chini yake lilikuwa limezibwa na ukoko. Kizibo cha usalama cha pembeni nacho kilikuwa cheupe pepepe, kimeganda. Bati la sufuria lilikuwa likilia taratibu, tik, tik. Kichwa cha mama mkwe wangu kilikuwa karibu kabisa na jiko, macho kafumba.

"Landy! Njoo! Sufuria imenyamaza!"

Aliingia kutoka uani, nguo mbichi begani. "Si imeiva basi? Njaa hiyo, wifi, itakuua." Akanyoosha mkono akiinue kile kizito.

"Usiiguse! Usiisogeze hata kidogo! Imeziba, mwanamke, itapasuka!"

Akatazama sufuria, akamtazama mama yake. Nilimwona akibadilika rangi.

"Mungu wangu, Mama," alisema. "Wifi, kafunge gesi. Mtungi uko nje."

Nilikimbia. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho, nikaifunga koki kwa pindo la gauni, meno nimeyauma. Niliporudi, Landy alikuwa amejinyoosha juu ya jiko, tumbo lake linakaribia kugusa ule mfuniko, anaichomoa kamba ya machela kwenye kulabu. Akaishusha polepole huku akiomba kwa sauti. Mimi nikachomoa ya upande wa pili. Tukamburuta mzee ndani ya machela yake, sakafuni, kama gunia la mahindi.

"Nyie! Mnanipeleka wapi?" Mama Nelsy akapiga kelele. "Mgongo wangu, jamani!"

"Nyamaza, Mama! Nyamaza tu!"

Tulikuwa tumeshavuka mlango, tumefika kwenye beseni la kufulia, sufuria ikapasuka. Nilidhani nyumba nzima imeanguka. Sote wawili tulimwinamia bibi wa watu, mvuke na maharage vikitoka mlangoni. Baadaye tuliona mfuniko umejikita ukutani, pale penye kulabu ya upande wa kichwa chake.

Landy alikuwa analia kwa hasira. "Mama, wewe ulikuwa hapo hapo! Hukusikia mluzi umekoma? Kwa nini hukuniita?"

Mama Nelsy alizivutavuta nyuzi za machela.

"Nilisikia umekoma," alisema. "Kitambo. Nikajua ni masikio yangu. Nikasema, miguu imekwenda, sasa na masikio."

"Sasa si ungeniambia?"

"Niliogopa, mwanangu. Mle ndani tayari una vitu vingi vibovu."

Landy alikaa chini palepale kwenye maji ya kufulia yaliyotuama chini, akakipakata kichwa cha mama yake.