Barua Aliyoniomba Zuhura

Siamini mpaka sasa, na asije mtu hapa chini kunihimiza niamini. Jumanne asubuhi nimempelekea Zuhura uji, alasiri tumemzika.

Naandika mwenyewe, kwa kidole changu. Wajukuu wamekaa pembeni, eti bibi punguza maneno. Nyamazeni.

Nimeona mlivyojaza picha zake kwenye status. "Mama wa wazee." "Shujaa wetu." Mishumaa, mikono ya kuomba, RIP RIP RIP kama mnafukuza kuku. Haya, nani kati yenu anajua alikuwa anakunywa uji gani? Andikeni kwenye komenti. Nasubiri.

Wa mtama, bila sukari, kwenye bakuli la bati. Nyie mlimletea makopo ya maziwa ya unga mkapiga nayo picha.

Na wanawe wa kuwazaa ndio kabisa. Walimletea televisheni kubwa kama mlango, kisha wakamnyang'anya funguo. "Mama atazipoteza." Mwanamke aliyelala na funguo kiunoni tangu hamjazaliwa! Akawa anazunguka nyumba nzima anapapasa kuta, wao wanasema akili imekwenda. Akili haikwenda popote. Ilikuwa inatafuta funguo. Nilichukua za kabati langu bovu, nikamfungia kwenye pindo la khanga. Akatulia siku ile ile.

Msinisifu. Hilo nimejifunza kwake, na nimechelewa sana kulijifunza.

Kwa watoto msiojua: miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu walipohamishwa, kuna waliobeba mbuzi, wakabeba kitanda, wakabeba na mlango, baba mzazi wakamwacha kwenye baraza la mtu. Zuhura, mjane asiye na cheo, akawachukua wazee sita nyumbani kwake nyuma ya stesheni. Hakutumwa na mtu.

Na hakuwalea kwa kengele, wote waamke pamoja, wote wale pamoja. Bibi Nyamizi, kipofu, mtu wa Kigwa, alikuwa haogi mpaka asikie treni imepita, ndivyo alivyozoea kwao. Treni ikichelewa, maji yanachemshwa upya. Nikamwambia, "Zuhura, mkamate tu umwagie."

"Njoo nikumwagie wewe kwanza," akasema, "utuambie utamu wake."

Halafu kuna Mzee Kasanda.

Huyu alikuwa mpagazi. Tangu kijana alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu. Uzee ulimkuta hawezi kutembea mikono mitupu. Akiachwa hivi hivi anayumba, anaanguka. Zuhura akashona kifurushi cha gunia, ndani pumba za mpunga, akamwekea begani. Wallahi mzee akanyooka! Akawa anazunguka ua na kifurushi chake, anaimba nyimbo za safari, anamfokea jogoo ampishe njia.

Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Nimetoka kumaliza kisomo cha watu wazima, mkono unaniwasha kuandika. Nikachungulia uani kwa Zuhura, nikaona kizee kimebebeshwa mzigo. Sikuuliza. Barua yangu ya kwanza maishani nilimshitaki Zuhura kwamba ananyonya wazee.

Akaja afisa kutoka wilayani, suruali imepigwa pasi mpaka inataka kukata mtu, barua yangu mkononi. Mimi nimesimama nyuma yake, kifua mbele.

"Ndugu Zuhura, ukoloni umekwisha. Nchi hii haina tena wapagazi."

"Ni pumba, ndugu. Kibebe uone."

"Hata kama ni pumba. Nikirudi nikakuta mzigo hapa, nyumba hii inafungwa, wazee wanagawanywa."

Hakukigusa. Bwege yule! Alikuja na gari kukagua kifurushi, akaondoka hajakinyanyua. Ningemcheka zaidi, lakini na mimi sikukinyanyua.

Kabla hajapanda gari, Zuhura akamshusha mzee kifurushi begani. Mzee Kasanda akauliza, "Mzigo wangu kapewa nani?"

Afisa akamwambia kazi imekwisha, mzee, pumzika. Mzee akakaa chini pale pale uani. Hakusimama tena.

Baada ya siku chache Zuhura akaja kwangu, kifurushi kakibana kwapani. "Shoga, wewe ndiye unayejua kuandika. Andika nyingine. Sema ulikosea, sema huu ndio mguu wake."

Nikamjibu, "Balozi hafuti barua yake."

Mnasikia? Herufi nina miezi michache nazo, tayari nina barua isiyofutika!

Alikuwa na wazee wengine watano wa kufikiria. Akatii. Mzee Kasanda akafa kabla mvua hazijaanza, amekaa, bega la kulia limeinuka, linasubiri.

Afisa akahamishwa, nyumba ikabaki. Zuhura akazika wazee wake mmoja mmoja, akapokea wengine. Na mimi akaendelea kunisalimia kila asubuhi kwenye ukuta unaotenganisha nyua zetu, "Umeamkaje, balozi?" Basi. Hakuongeza neno, miaka yote hiyo. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo pole zenu pelekeni kwingine. Na mwenye mzazi hai, zima simu ukamtazame anavyokaa, anavyokula, anachoshika. Usimletee unachokipenda wewe.

Zuhura, barua uliyoniomba ndiyo hii. Nilikosea. Kilikuwa kifurushi cha pumba, na kilikuwa mguu wake. Nimekuandikia mbele ya watu wote, na hii pia siifuti.

Vyumba vyote nimevifunga mwenyewe, funguo zako nimezidai kwa wanao, ninazo kiunoni. Usiamke kuzitafuta. Lala, shoga yangu, lala.