Herufi moja iliyofunga mashine ya Sadoki

Saa mbili asubuhi, Nanyala, wilaya ya Mbozi, mwaka 1980. Sadoki Nzunda, miaka hamsini na mmoja, anakwangua herufi kwa wembe. Kijitabu hadi kijitabu, ukurasa wa saba, mstari wa nne. Yeye anaitoa r. Mkewe, Enesi, anaandika l kwa kalamu.

Vijitabu ni mia tatu. Kesho adhuhuri vyote vinatakiwa ofisi ya wilaya vikiwa safi, la sivyo mashine yake ya kurudufu, iliyofungiwa huko tangu wiki iliyopita, hairudi.

Kosa lenyewe lingechekesha, kama huu usingekuwa mwaka wa uchaguzi. Kijitabu kilitaka kumshauri asiyepata usingizi: "Jioni punguza kula." Kikatoka: "Jioni punguza kura."

"Alinisomea, nikapiga taipu," anasema Enesi, akimwonyesha mumewe kwa kalamu. "Baba Ruti alitamka kura, nikaandika kura. Nimkosoe mwenye kiwanda?"

"Kiwanda cha mashine moja," anajibu Sadoki bila kuinua macho.

Mbozi nzima inajua r na l hugombana kinywani mwa Mnyiha kama Sadoki. Ofisi peke yake haijui.

Mashine hiyo aliinunua mwaka 1968 kwa mauzo ya magunia sita ya kahawa, alipoacha uchapaji misheni. Ametoa vijitabu kumi na kimoja: kupumua, kufunga, kusali kimya, kutuliza moyo uliofiwa. Wazee wa kanisa walimwita mganga. Waganga wakamwita mchungaji asiye na kanisa. Karatasi zilipoadimika, alizifuata Nakonde, upande wa Zambia, akavuka mpaka nazo kichwani. Zamani alipata shilingi mia nne kwa mwezi. Sasa mia haifiki.

Mwanaisha Athuman, muuza vitenge wa Tunduma, alizika watoto wawili mwaka jana. Kijitabu cha msiba alikisoma mpaka kikachanika. "Watu walinipa pole, wakaenda kwao," anasema. "Kijitabu kilibaki."

Wembe unapita, karatasi duni inatoboka. Hiki ni cha arobaini na sita kuharibika, na karani wa ofisi ya wilaya alishasema kilichotoboka hakipokelewi.

Enesi anaweka kalamu chini. "Hatufikishi mia tatu, Baba Ruti."

Sadoki anafuta wembe kwenye suruali. Atavipeleka vyote, anasema, na matundu yake. Wakimnyima mashine, kijitabu cha kumi na mbili atakiandika kwa mkono, nakala mojamoja, kwenye madaftari ya shule.

Kitahusu nini?

"Hasira. Namna ya kulala nayo. Ila lazima nijifunze kwanza."

"Basi mwaka huu tusikitegemee," anasema Enesi, na kuvuta kijitabu kinachofuata.