Tadea na Kobe wa Kwenye Kioo

Kwa siku tano, saa moja kila siku, benchi la tatu lilikaa na pengo. Wanawake walichambua kahawa wakiwa wamebanana huku na huku, na katikati ubao ukabaki mtupu, upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyejisogeza. Hakuna aliyeimba pia, maana mwanzishaji wa nyimbo alikuwa Tadea Kapinga, na Tadea alikuwa ofisini, nyuma ya mlango uliofungwa, anacheza gemu kwenye kompyuta.

Ulikuwa mwaka 1999, Mbinga mjini. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa wilayani, na mmoja wao alikuwa amefungua kiwanda kidogo kando ya barabara ya kuteremkia ziwani. Tadea, mzaliwa wa Mpepai, mjane wa miaka thelathini na nne, mama wa Katarina, alichambua buni hapo tangu siku ya kwanza. Vidole vyake viliitambua punje iliyotobolewa kabla macho hayajaiona. Kisha ikaletwa mashine. Ilichambua kwa taa na kwa pumzi ya hewa, na Wilfred, meneja, aliwaambia wanawake bila kuzunguka: msimu ujao mabenchi yataondolewa. Atabaki mtu mmoja, wa kukaa mbele ya kioo cha kompyuta na kuiamuru mashine.

Kwa Tadea neno hilo lilikuwa na maana moja. Asipopata kiti kile, atarudi Litumbandyosi, kwenye mji wa marehemu mumewe, ambako shemeji yake Romanus alikwisha kumwambia kwamba nyumba ipo, na mwenye nyumba ni yeye Romanus.

Mashine haikuamriwa kwa maneno. Iliamriwa kwa vijipicha: mshale, mkono, lango, saa. Ukivipanga na kuviunganisha kwa mistari, inafuata. Fundi Ilyasi, mtoto wa duka la vitambaa pale sokoni aliyesomea Dar es Salaam, alisema mtu wa kuiamuru atapatikana kwa gemu. Ndani ya gemu kulikuwa na kobe wa kijani kwenye uwanja wa miraba, aliyetakiwa kufikishwa kwenye lango la upande wa pili. Mchezaji hamwendeshi kobe. Anapanga vijipicha pembeni, anabonyeza kitufe, halafu anaondoa mkono. Kobe hufanya ulichopanga, siyo ulichotaka.

Waliojitokeza ni wawili: Tadea, na Othmar, karani wa stoo aliyemaliza kidato cha nne. Kila mmoja alipewa saa moja kwa siku ya kujifunza. Ijumaa, kabla Ilyasi hajaenda msikitini, kila mmoja angepanga mara moja tu mbele ya meneja.

Jumatatu kobe wa Tadea alitumbukia. Jumanne alitumbukia mara kumi na mbili. Uwanja ule ulikuwa na miraba myeusi iliyotengwa kwa mistari ya kahawia, na kila alipobonyeza, kobe aliiacha kona aliyosimama, akaingia kwenye mraba mweusi wa kwanza, akapotea. Jumatano jasho lilimtoka kwapani wakati nje kulikuwa na ukungu.

Othmar alichungulia mlangoni. "Mama Katarina, huyo kobe umemkosea nini? Kila siku unamzika!"

"Nenda kahesabu magunia yako."

"Nimeshayahesabu. Nasubiri kuja kuaga maiti."

Ilyasi alimfukuza kwa mkono, akavuta kiti. "Mama, mbona unamtumbukiza kwa makusudi? Njia si hiyo hapo?" Aligusa mstari wa kahawia.

Tadea alimtazama kama mtu aliyeambiwa atembee juu ya meza ya chakula. "Hapo? Hapo ndipo penye maharage."

Ilyasi hakuelewa. Alikulia dukani. Ikabidi Tadea amchoree kwa kidole mezani: mteremko, majani yaliyofyekwa na kulazwa kwa miraba, udongo uliochimbwa katikati na kufunika majani, mpaka mlima mzima unakuwa mashimo na matuta. Ngoro. Mbegu hupandwa juu ya tuta. Mguu hupita shimoni. Mtoto wa Kimatengo akikanyaga tuta anachapwa kabla hajajua kwa nini.

Pengine Ilyasi alijiuliza kama kusema ni kumsaidia mmoja dhidi ya mwingine. Kisha akasema taratibu, "Mama, shamba hili halijapandwa kitu."

Alhamisi kobe alitembea. Lakini jioni, kwenye bomba la maji, Bonifasia, jirani yake wa benchini kwa miaka mitatu, alikuwa anamsubiri.

"Ukishinda unatufukuza."

"Nisiposhinda, dada?"

"Atatufukuza Othmar. Na afadhali yeye. Wewe utatufukuza huku unatujua majina."

Tadea alijaza ndoo yake, akajitwisha.

Ijumaa Othmar alitangulia. Alipanga haraka, akabonyeza kwa mbwembwe. Kobe alikata kona zote sawasawa mpaka kwenye lango la mwisho, lile linalofunguka na kujifunga. Othmar hakuwa ameweka saa ya kusubiri. Lango likajifunga. Kobe akasukuma, akasukuma, akasimama.

"Lilikuwa wazi!" alisema Othmar. "Mmeona lilikuwa wazi!"

Tadea alikaa. Alianza kupanga mshale kwa mshale, na kabla hajafika nusu ya safari, nafasi za vijipicha zikaisha. Wilfred alitazama saa yake. Kutoka mlango wa pili ilisikika mikono ya wanawake ikisukuma punje kwenye mbao, na Tadea, akiwa ameduwaa, akajikuta anaisikiliza. Okota, geuza, tupa. Okota, geuza, tupa. Siku nzima mambo matatu.

Alifuta vyote. Alichukua mduara, ule wa kurudia, ambao hakuwahi kuugusa. Ndani yake akaweka: nenda hadi kona, subiri, geukia njia inakoelekea. Akaandika mara nane.

Akabonyeza. Akaweka mikono chini ya mapaja ili isije ikafanya lolote.

Kobe alikwenda, akasubiri, akageuka. Alisubiri hata pale pasipohitaji kusubiri, na Wilfred alianza kugonga kalamu. Kona ya nne. Ya sita. Kwenye lango kobe alifika likiwa wazi, akasimama. Likajifunga mbele ya pua yake. Likafunguka tena. Kobe akageuka, akaingia.

"Anachelewa mno," alisema Wilfred.

"Lakini amefika," alisema Ilyasi, akachukua kofia yake.

Msimu uliofuata mabenchi yalibebwa kwenye lori. Wilfred alimtaka Tadea asome orodha ya wanaoachishwa, kwa kuwa yeye hakujua jina lipi ni la nani. Aliisoma amesimama, jina kwa jina. La Bonifasia alilisema kama mengine. Bonifasia aliitika, akaokota khanga yake, akapita bila kumwamkia, na hadi anahamia Chiwanda hakumwamkia tena.

Mashine ile imebadilishwa mara mbili tangu wakati huo. Tadea yuko kiwandani palepale, chumba cha pili kushoto, mbele ya kioo, zamu ya asubuhi.