Usingizi wa Nusa

Mlezi wa sokwe katika bustani yetu ya wanyama, hapa Iskandaria, ni mzee anayeburura kandambili na kumenya karanga kabla ya kumpa Nusa, kana kwamba sokwe huyo hana meno. Nusa akilala adhuhuri, mzee hukalia ndoo nje ya kizimba akimtazama. Tangu mtoto wake afe, Nusa hukunja mikono usingizini na kuibembeza polepole. Juzi, nikiwa nimetoka dirishani ninapouzia tiketi, mama mmoja aligonga vyuma. "Haji, hebu mwamshe tumpige picha!"

"Mwache, binti yangu. Yuko na mwanawe."

"Kwani mnyama naye anaota?"

"Daktari wetu anasema wanyama ndio walioanza kuota, kabla binadamu hajakuwepo. Sisi tumerithi tu."

Mama yule alipoondoka, mzee akaniambia kwamba mkewe, Ihsani, hajamjia ndotoni hata mara moja tangu azikwe. Kisha akaegemea vyuma, akasinzia. Alipozinduka nikamuuliza upesi, "Umemwona?"

Akajifuta macho. "Nimeota foleni ya mkate. Nimewatazama wote usoni, mmoja mmoja. Hayumo."