Jukboksi ya Kiptere Ilipoimba Bila Stima

Wanaonijua husema mimi ni mwongo wa biashara, na kweli, santuri iliyokwaruzika nimewahi kuiuza kwa maneno matamu. Lakini hili sikuuzii. Nakupa bure, kama lilivyonipata mchana pale Kiptere, nikiwa sijaonja hata tone la pombe. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikinunua santuri kuukuu za kantri, ule muziki wa gitaa wa Kimarekani, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, na kuziuza kwenye baa zilizokuwa bado na jukboksi. Unaikumbuka jukboksi? Unatumbukiza shilingi, unabonyeza herufi na nambari, mkono wa chuma unakuchagulia wimbo. Kaseti zilikuwa zinaimaliza, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kuchukua santuri kwenye mashine zilizokufa ili zile zilizo hai ziendelee kuimba. Na watu wa majani chai wanavyopenda kantri! Mtu amechuma tangu alfajiri, mgongo unamuuma, anataka kumsikia mwanamume mwingine akimlilia mke aliyemwacha. Nilikuwa nikiinamisha santuri kwenye mwanga wa mlango. Upande uliopendwa ulikuwa umechakaa kwa sindano hadi ukawa kijivu, na upande wa pili bado unang'aa.

Wakati huo nyumbani kwetu Kapsoit hakukukalika. Mke wangu, Chebet, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo alikuwa akilia. Si kilio unachokijua wewe. Alilia akinyonya, alilia usingizini, na alizidi kukonda mbele ya macho yetu. Daktari hakuona ugonjwa. Mchungaji aliomba hadi sauti ikamkauka.

Sisi Wakipsigis tunajua kilio kama hicho huwa kinadai jina. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee humtajia wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na ugoro kidogo puani, mpaka apige chafya. Jina alilolipigia chafya ndilo lake, huyo aliyetajwa amerudi. Aliyekuwa akiita ni Kogo, bibi yangu mzaa baba. Aliita ukoo wote, mtoto hakupiga chafya. Wakarudia tena juma lililofuata, wakafika hadi kwa wazee ambao hata Kogo aliwajua kwa masimulizi tu. Hola!

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Majina yanayoitwa ni ya wafu. Kumwita aliye hai ni kumtakia kaburi, na hakuna anayethubutu. Baba yangu mdogo, Kiprotich, kitinda mimba wa Kogo, aliondoka nyumbani mimi nikiwa bado mdogo. Alibeba gitaa mgongoni akasema anaenda kupiga kantri Nakuru, na hakurudi. Kwa Kogo alikuwa hai. Kila juma alimtengea kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyokolezwa mkaa, na ole wako ukikigusa.

Siku hiyo nilishindwa kukaa. Nilikunywa chai nimesimama, nikafunga viatu, nikafungua, nikafunga tena, nikaondoka. Mama Njeri, aliyetoka Nyeri zamani na kufungua baa Kiptere, alikuwa amenunua redio ya kaseti na alitaka kuniuzia santuri zote za jukboksi yake. Nilipofika tu, mvua ya mawe ikaanza, ile ya kwetu ya alasiri inayochana majani chai na kupiga bati hadi usijisikie ukisema. Stima ikapotea. Mama Njeri akaenda nyuma kutafuta ufunguo wa mashine. Nikabaki peke yangu, nikizungukazunguka kati ya meza.

Mvua ikakatika ghafla. Ndipo nikasikia kantri.

Jukboksi ilikuwa imewaka, taa nyekundu na za manjano, na stima hakuna! Niamini. Mtu alikuwa ameiegemea, kofia imeshuka usoni, koti lake kavu kabisa. Nani angevuka barabara ile bila kulowa? Nikadhani ni mteja aliyekuwa amelala pembeni. Nikamwamkia chamgei, akaitikia kwa sauti ya mbali, kama yuko chumba kingine.

"Mtoto bado analia?" akaniuliza.

Ningekuwa na akili ningekimbia. Badala yake nikajibu kwamba ndiyo, bado.

"Ni mimi analilia," akasema. "Nimesimama hapo kwenu mpaka nimechoka. Wanaita kila mtu, mimi wananiruka. Ambia mama aniite. Na hiyo maziwa apatie watoto, mimi siwezi kunywa tena."

Ni nani nje ya boma letu aliyejua habari za kibuyu kile? Nikamuuliza alifia wapi. Akageuza uso.

"Mbali. Walinizika bila kujua mimi ni wa nani."

Wimbo ukaisha, taa zikazimika, na pale alipokuwa hapakuwa na mtu. Mama Njeri akaingia na ufunguo wake.

"Wewe unaongea na nani hapa?"

Nikamwambia, na yule mteja aliyekuwa amewasha muziki.

"Muziki gani, kijana? Hiyo mashine haina sindano tangu Krismasi. Niliitoa na mkono yangu."

Santuri sikununua. Niliacha hata mwavuli wangu.

Unafikiri yule mtu ndiye aliyenitisha zaidi? La, ilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Nikisema, namuua Kiprotich machoni pa mama yake. Nisiposema, mwanangu anaendelea kukonda. Niligeuka njiani, nikaenda hatua chache, nikageuka tena. Nilitamani Kapsoit iwe mbali zaidi.

Nilimkuta Kogo ameketi karibu na moto, mtoto mikononi, Chebet na shangazi yangu kando yake. Nikasimulia yote bila kumtazama usoni. Shangazi akanikemea ninyamaze, nisimlaani ndugu yake. Kogo akainua mkono kumkatiza. Kogo aliniuliza swali moja tu.

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana, Kogo. Alikuwa sawa."

Akamgeuza mtoto amwelekee. Akaita, "Kiprotich," na sauti haikutoka. Akaita tena, sasa kwa nguvu, kama mama anayemwita mwanawe ng'ambo ya mto wakati ng'ombe wanarudi.

Mtoto akapiga chafya.

Utasema ni ugoro. Ugoro ulikuwa umetuishia kwa majina ya wale wengine! Akapiga ya pili, akanyamaza, akanyonya kama mtu aliyetoka safari, akalala. Shangazi akaanza kupiga vigelegele, vikamkatikia mdomoni alipokumbuka maana yake. Kogo alikuwa akilia kimyakimya. Akainamisha uso hadi kwenye sikio la mtoto, akamwambia, "Mbona umekawia hivyo?" Nilitoka nje. Sikuweza kusimama pale, na hata leo nikikumbuka moyo unaniuma.

Kijana sasa ni mtu mzima mwenye afya. Kogo alimpenda na kumgombeza hadi mwisho wake, kwa makosa ambayo hayakuwa yake. Jukboksi niliziacha. Stima ikipotea nikiwa kwenye baa, nainuka na kuondoka, bia naiacha mezani, wacheke wapendavyo. Kaburi la Kiprotich tulilitafuta Nakuru, tukalitafuta Londiani, hatukulipata. Tulikuwa tumechelewa mno, waliomjua walikuwa wameshatawanyika.

Kwa hivyo nakuonya. Ukiwa na ndugu aliyeondoka na habari zake zikakatika, usikae ukisema yuko hai kwa sababu mama yako anapenda kusikia hivyo. Toka umtafute, uliza hospitali, uliza polisi, wakati bado kuna anayeikumbuka sura yake. Sisi tulikaa tu, mpaka mtoto mchanga asiyejua kusema akawa ndiye wa kutuletea habari za msiba.